Jiwe la Mulonde Lilitaka Mayi

Kilima cha Mulonde kililipuka asubui, sisi tukiwa nusu ya njia. Mimi kwanza niliona vumbi likipanda kama moshi wa tanuru ya makaa, halafu mugongo wa kilima ukakaa chini mbele ya macho yetu. Kisha mawe yakaanza kuanguka. Yaya yangu Feza, dada yangu mukubwa, alikuwa mbele, na bidon, mutungi wa plastiki wa mayi, ku kichwa. Aligeuka kunitazama, akafungua kinywa aseme kitu, jiwe likamupiga. Bidon ikapasuka, mayi ikashuka na njia mupaka ku miguu yangu. Mimi nilipona, ila sikio langu la kuume halisikie tena. Yeye hakuamuka.

Ninyi mulio na umri wangu, muliokomalia Lubumbashi wakati treni ilikuwa bado treni, muniache nianze ku mwanzo, kwa sababu bila mwanzo hamutajua tulikuwa tunapeleka mayi wapi.

Enzi zetu, vakansi kubwa ya shule ikifika, baba alitutuma kwa nkambo Ngoie, mama wa mama yetu. Baba alikuwa mutu wa reli, alishuka kutoka kaskazini ya Katanga na kazi yake na rozari yake. Lakini upande wa mama walikuwa benyeji, bantu ba udongo ule ule, mbali, kupita Kasapa, nje ya muji. Tulitembea kwa miguu toka lami inapoishia, viatu mukononi ili visiishe, mupaka tunasikia harufu ya moshi wa kwa nkambo na kalanga anazokaanga. Mangaribi bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo na ndagala, samaki ndogo za kukausha, sahani moja sisi wote, na mwenye kuongea sana anakuta sombe imeisha.

Ku mugongo wa Mulonde kulikuwa jiwe refu kama ukuta wa kanisa. Bantu ba zamani, hata nkambo hakujua ni bakina nani, walilichora kwa kuligonga na jiwe ingine, pole pole. Lakini ukifika pale kiangazi, jua likiwa juu, hauone kitu. Jiwe tupu, rangi ya majivu. Lilitaka mayi.

Na mayi yenyewe hatukuipeleka na ndoo. Tuliipeleka mukinywa. Tulijaza mashavu pale mutoni, tukapanda kilima bila kusema, bila kucheka, mupaka mbele ya jiwe. Nkambo alisema pale hapana kufika na matusi, hapana kufika na uongo, na mutoto mwenye mayi mukinywa hawezi kuleta hata kimoja.

“Mwenye kumeza, anarudia chini!” alipiga kelele nyuma yetu na kijiti chake. “Naona koo zenu, ninyi!”

Sasa tulikuwa na ndugu yetu Donatien, mutoto wa mama mukubwa. Yule alikuwa shetani wa kuchekesha. Alitembea mbele yetu kinyumenyume akiiga mwalimu wa katekisimu, tumbo nje, macho juu, na mashavu yake yamevimba vile vile. Mimi nilipasuka kila mara, mayi inatoka na ku pua. Nkambo ananifinya sikio, narudi mutoni nikilia, Donatien naye anarudi kwa sababu kiu ilimushinda, alikunywa yake. Feza peke yake hakucheka hata siku moja. Alipita kati yetu kama mama mudogo, anafika, anapuliza: puuu!

Na jiwe linafunguka macho. Duara ndani ya duara ndani ya duara ingine. Ngazi isiyofika popote. Nyayo ndogo, za mutoto kama sisi. Tulipitisha kidole mu mistari, baridi yake iko bado ku kidole changu leo. Halafu jua linakausha, michoro inaenda, na sisi tunakimbia mutoni tena, tunasukumana.

“Ilienda wapi, nkambo?”

“Iko pale pale. Ni macho yako ndiyo inaenda.”

Batoto ba leo, ukimwambia anyamaze toka mutoni mupaka ku kilima, anaona umemufunga gereza. Mayi anainunua mu chupa, na mbele ya kunywa anapiga chupa picha. Siwachukie. Hakuna mutu aliyewapeleka mahali pa kunyamaza, na leo hata mahali penyewe hapako.

Nkambo alikufa, Feza akaenda kukaa ku kijiji, akalima shamba lake chini ya Mulonde, akaendelea kupeleka batoto bake ku jiwe. Mimi shule ilinishinda mapema, nikafanya kazi ya mikono muji. Donatien alisoma. Alirudi na kofia ya kampuni ya kuvunja mawe, kazi yake kusema na bantu ba kijiji. Shefu Kalwa wa kijiji alikuwa amekwisha kuipa kampuni kilima. Feza akakataa, akasema kule kuko kazi ya bankambo, na kampuni ikatuma bakubwa bake waje kuangalia.

Walikuja kiangazi, saa sita ya muchana. Jiwe kavu. Enjeniere Valère, mukubwa wao, akapita mbele yake na miwani myeusi, akagusa na kiatu.

“Mama, michoro iko wapi?”

“Muimwangie mayi kwanza, bakubwa. Mutaona.”

“Ah! Jiwe iko na kiu?”

Wakacheka wote. Shefu Kalwa akacheka kwa sababu wao walicheka. Donatien, aliyepandisha mayi pale na mashavu yake, akatazama viatu vyake. Wakaandika kwamba hakuna kitu, wakapanda gari.

Feza hakulala juu ya ile. Alipata jirani mwenye telefone ya picha, akaniita kutoka muji. Siku ya tano ya juma, mangaribi, Donatien akapita kutusalimia, akakaa ku meza ya Feza. Feza akamuambia kila kitu: kesho tunapanda na bidon, tunalowesha jiwe lote, tunapiga picha, tunapeleka kwa bakubwa ba muji. Jirani atatufuata. Donatien alikuwa anakata bukari. Akaichovya mu sombe, akakula, akasema:

“Muende asubui, yaya, mbele ya jua kuwa kali.”

Akanawa mikono, akashukuru, akaenda.

Kujulisha bantu ba chini ya kilima siku kampuni inapasua mawe na baruti ilikuwa kazi yake yeye Donatien. Asubui ile hakuna honi iliyolia, hakuna mutu wa kufunga njia.

Ku kilio cha Feza Donatien alikuja na mufuko wa unga, akalia kunipita mimi. “Ni bahati mubaya, ndugu.” Kampuni inasema njia ilifungwa. Shefu Kalwa anasema hakuambiwa. Enjeniere Valère alihamishwa. Jiwe letu walilisaga, liko chini ya barabara na mu kuta za nyumba mupya za mutaa wa Karavia. Zamani tulikuwa na mulima, mutoni na nkambo wa kutufinya. Leo niko na shimo, vumbi, na sikio moja.

Donatien, unga wako sitaki. Wewe ulitutuma asubui. Ulijua, ao ulisahau? Kama ulijua, uende ukaseme mbele ya majaji ba tribunali. Kama ulisahau, useme vile vile, na useme ulikuwa unawaza nini wakati Feza anakuongezea sombe. Kalwa na Valère nao waitwe, wasimame pamoja na wewe. Batoto ba Feza wananiuliza kila siku, na jibu si langu. Njoo uwajibu.