Miaka Sita Aliyoongezewa Mwenzangu

Nianze na ukweli: namwonea wivu jirani yangu. Nimemwonea wivu tangu ujana, lakini zamani ulikuwa wivu mdogo tu, wa ng'ombe wake aliyetoa maziwa mengi kuliko wangu na wa meno yake ambayo mpaka leo yanavunja mahindi ya kuchoma. Wivu mkubwa ulikuja mwaka huu, walipofika watafiti wa uzee hapa Kimulot.

Yeye ni bakule wangu. Maana yake tulitahiriwa msimu mmoja na tukakaa jandoni nyumba moja mpaka tukapona. Kwetu watu wa namna hiyo hawaozani mabinti, wala mmoja hamshtaki mwenzake popote. Shamba lake na langu yanatenganishwa na ua mmoja, na majani yetu ya chai hupimwa kituo kimoja. Nimemtazama kwa miaka mingi sana, na sijawahi kumwona akichoka kabla yangu.

Watafiti walitoka chuo kikuu huko Nairobi. Waliomba ukumbi wa kanisa kwa wiki mbili, wakaita wazee wote waliopita sabini. Walitaka kujua kwa nini mzee mmoja anabaki imara na mwingine anaisha, mwili na akili. Mkubwa wao alikuwa daktari, binti mpole anayeandika kila kitu. Jumatatu ile alitutembeza kutoka mlangoni mpaka mbele huku akitazama saa. Alitukalisha kwenye kiti na kutusimamisha mara tano, mikono tumeikunja kifuani. Alitupa chuma chenye mshale tukifinye, aone nguvu za mkono. Halafu akatusomea maneno kumi, akatuuliza mambo mengine ya nyumbani, na baadaye akataka tumrudishie yale kumi.

Nilimrudishia matatu. Kikombe, mvua, mbuzi. Nikamwambia kulikuwa na kelele nje.

Bakule wangu alimrudishia tisa, na lile la kumi lilipomkataa akajipiga paja kama aliyepoteza ndama. Mshale wake kwenye kile chuma ulipita hata wa dereva wa watafiti, aliyejaribu kwa mchezo. Mke wake si mtu wa kunyamaza, kwa hiyo kufikia Jumamosi habari zilikuwa zimefika Boito.

Jumapili mchungaji akamsimamisha kanisani. Akasema tumshukuru Mungu kwa mzee wa miaka themanini mwenye mkono wa mtu wa sitini. Watu wakapiga makofi, na akina mama wakaanza kuulizana anakula nini. Yeye akacheka, akapunga mkono, akakaa. Mimi nilipiga makofi kwa ncha za vidole, na roho iliniuma mpaka sadaka ikanipita.

Themanini kitu gani! Bakule wangu ana miaka sabini na minne, sawa na mimi. Tulipokwenda kutafuta kazi katika mashamba makubwa ya chai tulikuwa vijana, naye alikuwa na mwili. Karani alimtazama kifua, akaona mtu mzima wa kubeba mizigo, akamwandikia umri wa kifua hicho. Alipokwenda kuchukua kipande, yaani kitambulisho cha serikali, akaandikiwa vilevile. Miaka sita aliyopewa bure siku hiyo sasa ilikuwa inapigiwa makofi kanisani, na mimi niliyeandikiwa umri wangu wa haki nilionekana mzee aliyezembea.

Sikulala vizuri. Mshale sikuwa na la kusema juu yake, na maneno tisa pia. Lakini hiyo themanini ningeweza kuiondoa. Nilijua bakule hashtakiwi. Nikajiambia kwamba hili si shtaka, ni kusaidia utafiti, ili watu wa sayansi wasije wakaandika uongo kwa sababu ya karani mmoja wa zamani. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi kisingizio, na changu kilikuwa kizuri.

Mwanzo wa wiki nilikuwa shambani nachuna chai. Alhamisi nikavaa koti langu la harusi za watoto, nikashuka mpaka ukumbini, nikamwomba daktari nafasi. Nikamwaga mtama wote: jando, karani, kifua, kipande. Alinisikiliza bila kunikatiza, na kalamu yake haikuandika hata neno moja. Hilo liliniudhi.

Nilipomaliza akasogeza kiti chake karibu. "Mzee, hiyo maneno ya kipande, yeye mwenyewe alituambia siku ya kwanza kabla hatujampima," akasema. "Sisi tumemweka sabini na nne, kama wewe. Hata hivyo bado amepita wengi."

Nikasema basi vizuri, nikataka kuinuka.

"Na wewe pia ulituambia," akaendelea polepole. "Juzi, Jumanne. Ulikaa kwa hiyo kiti, na hiyo koti."

Nilimbishia. Nikamwambia Jumanne nilikuwa kwenye chai, na anaweza kumuuliza yeyote. Akafungua faili lake, akanionyesha ukurasa. Yote yalikuwa hapo, na mpangilio ni ule ule: jando, karani, kifua, kipande. Nilisoma mara mbili, nikaiona na tarehe ya Jumanne pale juu.

Hakunidharau. Alinishauri ninunue daftari niwe naandika mambo yangu kila siku, na hili ndilo daftari lenyewe. Kisha akasema kuna sehemu nyingine ya utafiti ambamo hapimwi mzee, anaulizwa mtu anayemjua mzee kwa miaka mingi. Mke wangu amekufa. Watoto wako Nairobi na Eldoret, huja Krismasi na kurudi. Daktari alingoja na kalamu yake, na nilikuwa na jina moja tu la kumpa.

Bakule wangu alikuja kesho yake. Hakuuliza nilikuwa nimekwenda kusema nini Jumanne wala Alhamisi, ingawa nadhani alijua. Tulikaa wote watatu. Daktari akamuuliza kama nimebadilika, naye akanitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa, nikaitikia kwa kichwa.

Akasema mwaka jana nilimsalimia njiani mara mbili asubuhi moja, naye akaitikia mara mbili. Akasema nilichuna majani siku ambayo lori la kukusanya chai haliji, akanisaidia kubeba kurudi nyumbani. Sikukumbuka hata moja. Halafu akaeleza siku za mwisho za mke wangu hospitalini, jinsi alivyofumbua macho akauliza, "Na nani atafungia kuku?", na sote tukacheka mpaka nesi akaja kutunyamazisha.

Nikamuuliza kama mimi nilikuwapo.

"Ulikuwepo, bakule," akasema. "Wewe ndio ulikuwa umemshika mkono."

Nilivuta daftari nikaandika maneno ya kuku, naye akayarudia taratibu ili nisikosee. Ningemwachia chuma na mshale wake. Ningemwachia yale maneno tisa, hata ile themanini na makofi yake yote. Lakini hapo nilimwonea wivu kuliko siku zote za maisha yangu, maana mke alikuwa wangu, mkono ulikuwa wangu, lakini aliyebaki na kumbukumbu ya siku ile alikuwa yeye.