Damu ya Kulinganishia

Mama Hadubini, kama maabara nzima ilivyomwita, hakuwa mtu wa kubabaika. Majibu mabaya aliyaandika kwa mwandiko uleule wa majibu mazuri. Lakini asubuhi ile alirudia kusoma jina kwenye chupa mara tatu, kwa sababu damu iliyokuwa mezani ilikuwa ya mjukuu wake, mtoto wa binti yake wa pekee, aliyeandamwa na majipu tangu akiwa ananyonya.

Kipimo chenyewe ni uchokozi mtupu. Chembe nyeupe ya damu ukiichokoza kwa vijidudu, hupandwa na hasira: huvimeza, kisha hutengeneza oksijeni kali ya kuviua. Oksijeni hiyo ndiyo inayoigeuza rangi ya njano ya kipimo kuwa buluu iliyokoza. Isipogeuka, basi chembe inameza tu, na vijidudu vinastarehe tumboni mwake.

Pale maabara damu ya mgonjwa hupimwa sambamba na ya mtu mwenye afya. Siku zote alikuwa akitoa mfagizi, jitu zima lisilojua homa. Siku hiyo alichelewa, Mama Hadubini akajitoboa kidole mwenyewe.

Chembe za mjukuu hazikugeuka hata moja. Akatazama kioo chenye damu yake mwenyewe: nusu buluu, nusu bado njano. Nusura apige vigelegele.

"Rangi imeharibika hii!" alimwambia mfagizi aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia. "Hebu lete kidole, baba."

"Nikadhani leo nimenusurika," mfagizi alitania.

Chembe za mfagizi zikakoza buluu zote.

Mama Hadubini alikaa kitako. Rangi ilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa yake yeye, asiyejua kitanda cha hospitali. Nusu iliyo salama ilimtosha, ilimtosha na bintiye, lakini mjukuu, kwa kuwa ni wa kiume na mwanamume hurithi upande huu kwa mama tu, hakupata hata hiyo nusu. Na pale hospitalini hapakuwa na tiba ya kuimaliza.

Nje, bintiye alikuwa amembeba mtoto begani. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni kali, maana Mama Hadubini alikuwa akimsema kila siku kwamba majipu huletwa na uchafu.

"Mama, nimekosea wapi? Nachemsha mpaka shuka."

"Si wewe, mwanangu."

"Nani basi?"

"Mimi. Imetoka kwangu."

Binti alimtazama. Kisha akamhamishia mtoto bega la pili, mbali naye.