Sumaku Kichwani

Nilikuwa kidato cha tatu, miaka ya tisini, nilipoanza kuogopa chakula. Baba alikuwa karani bandarini Mtwara, mama mwalimu. Tulitoka Kagera kwa uhamisho wa kazi. Kila jioni nilisukuma ugali pembeni mwa sahani, kisha nikawamwagia kuku. Mama alipogundua, kuku walikuwa wamenenepa na mimi nimebaki mifupa.

Hospitali walipima malaria na minyoo, hawakuona kitu. Kanisani waliniombea. Jirani yetu, mama mmoja mzaliwa wa Ziwani, kijiji cha hukohuko Mtwara, aliyetuletea mihogo, alimvuta mama kando: "Mwalimu, huyu mtoto hana mdudu. Anaogopa. Msimfokee."

Nilipata nafuu, ugonjwa ukanirudia nilipokwenda kusoma Ulaya, miaka ya elfu mbili. Huko daktari aliniambia ugonjwa wangu una jina, na kwamba dawa na mazungumzo vikishindwa, kuna tiba wanayoijaribu: sumaku juu ya kichwa, bila kupasua, bila nusu kaputi.

"Siwezi kukuahidi kitu," alisema. Nilimwamini kwa sababu hiyo.

Kwanza alipima nguvu inayonifaa, sumaku ikiwa juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono. Tak! Kidole gumba changu kikaruka chenyewe. Nikacheka, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miezi. Kisha akakisogeza kifaa juu ya paji la uso, kikagonga tak-tak-tak kama mgeni mwenye haraka mlangoni.

Nikampigia mama simu.

"Wamekutia umeme?"

"Sumaku, mama. Kwa nje tu."

"Inavuta nini?"

"Haivuti. Inauamsha ubongo mahali palipozubaa."

"Na njaa, unaisikia?"

Nilimwambia ukweli: bado. Ila baada ya wiki kadhaa, ile sauti ya kichwani iliyonisuta kila nikishika tonge ilififia, kama redio ya jirani aliyefunga dirisha. Siwezi kuapa kuwa ni sumaku. Pengine ni yule daktari, aliyeniuliza kila siku nimeamkaje, akangoja jibu.

Likizo iliyofuata nilirudi Mtwara. Mama alichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, akakaa mbali makusudi, akijifanya anasahihisha madaftari. Nikamenya mmoja, nikala. Ilinichukua muda mrefu. Nikamenya wa pili.

"Chumvi imekolea?" mama aliuliza bila kuinua macho.

"Imepungua kidogo."

Akanisogezea kopo la chumvi.