Beseni la Mahindi Lililomuua Kanga

Harufu ya mahindi yaliyoparazwa hunipandisha hasira mpaka leo. Nilikuwa na miaka kumi, tukikaa Mkongani, mwaka ambao mvua za vuli zilikosa na za masika zikakosa pia. Malishoni palibaki vijiti vikavu vilivyokatika chini ya miguu. Kanga, ng'ombe wetu wa pekee, alikuwa na ndama mchanga, naye alikonda hata ungeziona mbavu zake ukiwa mlangoni. Mimi ndiye niliyemchunga. Alipolala, nilimsukuma kwa bega mpaka asimame.

Ndipo ami yangu, kaka yake baba, akaja kutoka Ukunda na gunia la mahindi yaliyoparazwa, yaani yaliyosagwa chengachenga. Bibi alilitazama gunia, akamtazama Kanga, akasema, "Mpeni konzi moja, pamoja na majani makavu. Kesho mbili. Amekonda mno, tumbo lake limesinyaa na halina nguvu. Chakula kizito hataweza kukisaga."

Ami alicheka. "Mama, ng'ombe afa kwa njaa nawe wampimia konzi? Mwacheni ashibe!"

Nikamshika mkono. "Ami, Bibi amekataza!" Akanisukuma kando, akajaza beseni. Baba alikuwa amesimama palepale, akanyamaza, kwa kuwa mwenye gunia ni kaka yake.

Kanga alikula kwa pupa mpaka akalamba beseni. Ilipofika alasiri, ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba na kukaza. Alisaga meno, akahara maji yenye harufu ya uchachu. Kesho yake adhuhuri akafa, ndama angali akimtafuta titi. Ami akapangusa mikono, akasema, "Kudra ya Mungu." Nilitamani kumpiga. Mungu hakujaza beseni lile. Ndama nilimnywesha uji kwa siku chache, naye akafa.

Leo nafuga ng'ombe wanne palepale. Ukame wa juzi walikonda wote, nikawapimia konzi kwa konzi, nikiongeza kidogo kila siku, na wote wangali hai. Watu huniuliza nilisomea wapi. Nasema uani kwetu, kwa mwanamke mzee ambaye wanawe wawili hawakumsikiliza.

Ami sasa ni mzee. Akija namwamkia shikamoo, nampa kiti na chai. Lakini hupenda kuwaambia watu kwamba Kanga aliuawa na maradhi, na kila akianza namkatiza mbele yao: "Hapana, ami. Ulimuua wewe, na Bibi alikukataza."