Spika Tano za Baba Mkubwa

Kabla ya kusikia chochote, tulipima kwa kamba. Yaya, ndivyo ninavyomwita dada yangu mkubwa, binti wa baba mkubwa, alifunga ncha moja kwenye kiti cha katikati, nami nikaivuta ile nyingine hadi kwenye kila spika: tatu mbele, mbili nyuma. Studio yake zamani ilikuwa gereji. Kuta amezifunika kwa sponji za magodoro, na lori la madini linapopita kutoka Kakanda tunanyamaza wote mpaka mngurumo uishe.

Mezani kulikuwa na kisanduku cheusi chenye kitufe kikubwa cha kuzungusha na safu ya taa ndogo. Sikujua kwamba kitu kidogo hivyo huamua chumba kizima kisikike vipi. Yaya alinieleza kwamba ndicho kinachoiambia kila spika ipaze kiasi gani, na ile iliyo karibu ingoje kidogo, ili sauti zote zifike kitini kwa pamoja. Kisha akatoa mvumo kama wa mvua juu ya mabati, spika moja baada ya nyingine, huku simu yake ikipima. Nilikaa kitini, macho nimefumba. Mvua ilinyesha mbele yangu, ikahamia begani, ikaenda kisogoni. Nilitamani aendelee mchana kutwa.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa kwa ajili ya baba yake. Baba mkubwa anaongoza kwaya ya parokia tangu sijazaliwa, na miaka yake kiwandani, karibu na mashine za kusaga mawe, ilimla sikio la kulia. Wiki ile alitutangazia kwamba Jumapili ataiacha kwaya. Sauti ya pili ya wanawake haisikii tena, na kwake kuongoza watu usiowasikia ni kuwadanganya.

Kwaya hiyo hufanya mazoezi kwa duara, kiongozi akiwa katikati, na kila mtu ana mahali pake. Mama akichoka kuimba, binti yake husimama palepale. Hakuna anayethubutu kumsogeza mwenzake hata hatua moja. Wanawake wa sauti ya pili husimama nyuma ya bega la kulia la kiongozi. Yaya aliwarekodi vilevile, mikro tano za kunasia sauti katikati ya duara, pale ambapo baba yake husimama. Alitaka kumpandishia sauti hiyo polepole, ajue bado anasikia kiasi gani.

Baba mkubwa alikuja baada ya chakula, amevaa shati la Jumapili. Akakaa. Yaya aliwasha wimbo, akaipandisha spika ya nyuma kulia mpaka mimi nikakunja uso. Mzee akatikisa kichwa. Upande ule, akasema, ni ukuta tu.

Hapo taa zikapepesa. Kwetu taa zikipepesa hakuna anayefikiri. Mzee aliruka akakata umeme pale ukutani, Yaya akachomoa kisanduku, nami nikachomoa kila waya nilioufikia, kwa sababu umeme hurudi na hasira, na katika nyumba ile ulishaunguza friji mbili. Yaya alinikuta nimekumbatia nyaya za spika zote tano, ambazo hata hazifikiwi na umeme wa ukutani.

“Na hizo, zilikukosea nini?”

“Umuache,” baba yake akasema. “Muntu ya vitabu, anaogopa ata kamba.” Ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Umeme ulipotulia nilizirudisha nyaya mwenyewe, kwa aibu. Nilikuwa nimeinama nyuma ya meza, nikitazama ukuta wa nyuma, na kilichokuwa mbele yangu nikakiita mbele, cha kushoto kwangu nikakiita kushoto. Spika ya katikati pekee ndiyo niliyoipatia.

Wimbo ukaanza tena. Yaya alishika kitufe, tayari kupandisha, lakini hakukizungusha. Baba yake alikuwa ameinua kidole.

“Bale bamama,” akasema taratibu. “Niko nabasikia. Nani alibaleta huku?”

Yaya alizima spika moja moja mpaka akawapata: mbele, kushoto, upande wa sikio zima. Akaniuliza nilisimama wapi nilipochomeka. Nikamwonyesha, nikingoja kugombezwa. Badala yake alichora nusu duara hewani kwa kidole, akamweleza baba yake kwamba nimeigeuza kwaya nzima. Basi Jumapili, akasema, wale mama wahamie mbele, yaishe.

Mzee alikataa kabisa. Pale ndipo mama zao waliposimama.

“Bo babakiye palepale,” akasema. “Minye njo nitageuka.”

Akainuka, akageuza kiti, akakaa akiangalia ukuta wa nyuma. Yaya akarudisha nyaya zangu zilivyotakiwa, akauwasha wimbo upya. Mzee alisikiliza hadi mwisho, mkono wake ukipiga mapigo juu ya goti.

Jumapili, kwenye mazoezi kabla ya misa, aliingia katikati ya duara na kuwapa mgongo wanawake wa sauti ya kwanza. Mmoja wao aliuliza kama sasa wataimbia shati. Mzee akainua mikono. Katika ubeti wa pili aliisimamisha kwaya nzima, akamwelekezea kidole mama mmoja wa sauti ya pili, akamwambia amechelewa kuingia. Kwa miaka yeye na wenzake walikuwa wakikosea pale kwa amani.