Mama yangu alivyopandishwa kwenye igizo la posa, tamasha la wakimbizi Ujiji

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo zenu.

Humu mimi ni msomaji tu siku zote, nacheka na zenu napita. Leo naweka ya kwangu. Hii siyo chai, waliokuwepo Ujiji siku ile wamo humu, nikiongeza chumvi wanisute hapahapa.

Mimi ni Yusto, Muha wa Mwandiga, nakodisha maturubai, viti na spika. Harusi, msiba, mkutano wa hadhara, kote utanikuta nyuma ya spika na soda yangu.

Kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha kambini, huko upande wa Kasulu. Nilipeleka viti kwenye sherehe, nikamkuta binti wa Kirundi anaitwa Goreti anafundisha wenzake kucheza. Sitaeleza mengi. Viti nilirudi navyo vyote, akili sikurudi nayo.

Tatizo likawa mama.

Mama yangu ni mjane, anauza mawese, na mtoto wake ni mimi tu. Nilipomtajia Goreti hakugomba. Alisema hana ubaya na Warundi, bibi yake mwenyewe alitokea huko. Ila mkimbizi, alisema, anaishi huku begi limefungwa. Siku wakirudishwa kwao, ama ataondoka na mimi, ama ataondoka na wajukuu, yeye abaki na madumu yake ya mawese.

Hata kumwona Goreti alikataa. Na mimi bila baraka za mama sioi. Mnaosema mtu mzima anajiamulia, sawa, labda nyie mna mama wengi.

Basi likaja tamasha la sanaa za wakimbizi, pale Ujiji. Nikapata tenda ya viti na spika.

Aisee, wakuu, ile siku!

Mabasi ya kambini yalishusha watu tangu asubuhi. Warundi walipoanza kupiga ngoma, turubai langu likawa linatetemeka. Vijana wa Kikongo walivaa suti za pinki kwenye jua lile la Ujiji, na hakuna aliyevua koti. Kina mama walileta vikapu vya kuuza, mpaka jioni vilikuwa vimeisha.

Mama alikuja kuuza mawese tu, hakujua Goreti yupo. Mara namwona amemwachia jirani meza, yuko mbele kabisa anapiga vigelegele.

Hapo jasho likaanza kunitoka, kwa sababu kilichofuata ni igizo la posa, na bibi harusi wa igizo alikuwa Goreti. Baba yake kwenye igizo ni baba yake kweli, mzee Fideli, ambaye habari yetu alikuwa anaijua.

Kwa wasiojua, Warundi na sisi Waha kwenye posa hatupishani sana. Pande mbili zinakaa zinatazamana, washenga wanarushiana maneno, binti amefunikwa kitenge mwili mzima. Mkielewana, wazazi wa pande zote wanakunywa kwa mirija kutoka chungu kimoja. Ukishanyonya ule mrija mbele ya watu, umekubali. Waandaaji walikataza pombe, kwa hiyo chunguni kulikuwa na togwa.

Sasa mwanamke wa kuigiza mama wa bwana harusi akawa ameugua, kabaki kambini. MC, jamaa mmoja wa Bangwe asiyejua lolote, akaangaza macho mbele na kumwona mama yangu anavyoshangilia. Akamshika mkono, akampandisha akae upande wa kijana.

Naapa sikupanga.

Mama alifunga kitenge vizuri, akakaa kama mtu aliyezaliwa mkwe. Tena akaanza kumkosoa mshenga, eti huwezi kuomba binti wa watu hujasalimia. Uwanja mzima ukacheka. Mshenga wa watu akaanza upya na salamu.

Kisha mshenga wa upande wa binti akatangaza kwamba anayeposwa ni Goreti, binti Fideli. Kitenge kikafunuliwa.

Mama akaacha kucheka. Akamwangalia yule binti, kisha akageuza shingo taratibu mpaka akanipata nyuma ya spika. Nikapunguza sauti ya muziki, hata sijui kwa nini.

Nikajua sasa anashuka, na habari yangu imeisha. Hakushuka. Akachukua maiki kwa MC, akaninyooshea kidole. Alisema kwa Kiha, mzee akajibu kwa Kirundi, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

"Mzee, tuache mchezo kidogo. Siku mkirudi kwenu, mwanangu na wajukuu wangu nitawaona wapi?"

Hata wapiga ngoma waliweka fimbo chini.

Mzee Fideli akasimama, akavua kofia. Kwanza alieleza kwamba alikimbia na watu wengi wa nyumba yake, na aliyebakia ni huyu mmoja.

"Mama, swali hilo ni langu. Ukimchukua, siku nikirudi narudi peke yangu. Anayeachwa ni mimi. Nitamwona wapi?"

Goreti analia, mimi nalia nyuma ya spika, sioni aibu kusema.

"Mwandiga," mama akasema. "Shuka stendi, uliza nyumba ya mama Yusto wa mawese. Utamwona hapo."

Akainama, akashika mrija, akanywa. Mzee naye akainama upande wake.

Jamani, zile ngoma! Watu walivamia steji, viti vyangu kadhaa vilivunjika na sikumdai mtu. MC akatangaza kwamba hajawahi kuona mama anayeigiza vizuri hivyo.

Kesho yake nikamuuliza kwa woga kama ile ya jana ilikuwa kweli, maana ni togwa tu. Akaniuliza kama mimi ni mjinga, amekunywa mbele ya watu wote wale halafu akatae.

Vibali vilitusumbua, ila posa ya kweli ilifika kambini, mama mwenyewe mbele. Sasa Goreti anauza mawese kumzidi.

Mzee Fideli bado yuko kambini. Alipopata ruhusa ya kuja kumwona mjukuu, nilikwenda kumpokea. Alishuka stendi, akanipita kwanza, akamuuliza muuza karanga nyumba ya mama Yusto wa mawese iko wapi. Alipoonyeshwa, ndipo akarudi kunipa mkono.

Nilichojifunza, mama hakuwa na chuki. Alikuwa na hofu, na mimi nilikuwa nabishana naye badala ya kumkutanisha na mwenye hofu kama yake.

Wenye wakwe wa ng'ambo ya mpaka, mwageni za kwenu hapa chini. Na mtakaosema nilipanga, poa tu, hata mama mpaka leo anasema hivyo.