Barakoa ya Shaba Niliyompa Mama

Mwaka ule wa korona, kiwanda cha nguo nilikokuwa nikifanya kazi huku Kitengela kiliacha kushona suruali, kikaanza kushona barakoa. Mimi nilikuwa mkaguzi. Kazi yangu ilikuwa kuangalia mshono na kuweka kando zilizokosewa. Baadaye tukaletewa kitambaa kipya, cha rangi ya chai ya maziwa. Msimamizi alitueleza kwamba nyuzi zake zimetiwa chembechembe za shaba, ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona, na kwamba virusi vikitua juu yake vinakufa.

Nilikuwa nimeishia kidato cha nne. Kuyajua mambo kama hayo kulinipa raha ambayo leo naionea aibu. Niliyasema kanisani, nikayasema kwa mama mboga, na zaidi niliyasema kwa simu kwa mama yangu, aliyekuwa akiuza maziwa Mashuuru.

Mama aliogopa magonjwa kuliko sisi wote. Aliweka maji na sabuni mlangoni kabla chifu hajaagiza, akafunga kamba ili wateja wasimkaribie. Nilipompelekea barakoa mbili za kitambaa kile, zilizokuwa na kasoro ndogo ya mshono, alizishika kwenye mwanga na kuuliza shaba yenyewe iko wapi. Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Akawaambia majirani kwamba amezaa daktari.

Kisha mume wa dadake akafariki huko Rombo. Mama alinipigia nikiwa kwenye mapumziko ya chakula cha mchana.

"Dada yangu amebaki peke yake," alisema. "Lakini watu watakuwa wengi, na mimi niko na sukari. Niende ama nikae?"

"Nenda, yeyo," nilimjibu, kwa neno letu la Kimaasai la mama. "Vaa ile ya shaba. Hiyo inaua virusi."

"Una hakika, mtoto wangu?"

Nikamwambia niko na hakika.

Alikaa Rombo siku tatu, akilala chumba kimoja na wafiwa wengine. Mama mdogo, huyo dada yake aliyefiwa, aliniambia baadaye kwamba barakoa haikumtoka usoni ila wakati wa kula na kunywa chai, hata wengine wakamcheka. Aliporudi alikaa siku chache, akaanza kukohoa. Kaka yangu, aliyekuwa akiishi naye na kuchunga ng'ombe, alimpeleka hospitali mjini Kajiado. Hatukuruhusiwa kumwona. Muuguzi mmoja alimshikia simu tukaongea kidogo. Alikuwa akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili. Aliniuliza kama nimekula. Alikufa Alhamisi asubuhi.

Walimzika watu waliovaa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni. Sisi tulisimama kando ya ua. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyemwosha, hakuna aliyemvalisha. Wenzake wa kanisani waliimba wakiwa mbali, na upepo ukawa unachukua nusu ya wimbo.

Niliporudi kazini, nilimfuata mkemia aliyekuwa akija kupima kitambaa. Alikuwa mtu mpole. Aliniambia shaba inaua virusi, ndiyo, lakini vile vinavyotua kwenye kitambaa chenyewe, na tena huchukua muda. Hewa inayopita pembeni mwa mashavu haiguswi na shaba. Mtu akiivua ale katikati ya watu, ni kama hana kitu.

"Hii ni ya kuongezea tahadhari," alisema. "Si ya kumwambia mtu aende kwenye umati."

Akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikasema nilitaka tu kujua. Nikarudi mezani, na siku hiyo nikapitisha barakoa mbovu nyingi hadi msimamizi akanirudishia sanduku zima.

Nilipokwenda nyumbani Mashuuru, nilimwambia kaka yangu kila kitu. Alikuwa akirekebisha zizi la ndama, na hakuacha kufunga waya.

"Mimi nilimwambia asiende," alisema. "Alikuwa ameshakubali kukaa. Halafu akakupigia simu. Akasema wewe ndiye unayejua."

Hajayarudia maneno hayo tangu siku hiyo. Nikienda ananisalimu, anawauliza watoto wangu habari za shule, kisha anatoka kwenda kwa ng'ombe na kukaa huko mpaka niondoke.

Kiwanda kilirudia suruali, nami nikaacha kazi. Sasa nashona sare za shule, hapa hapa Kitengela. Mama mdogo hunipigia kila Jumapili baada ya ibada. Husema nisijilaumu, kwamba bila dadake kuja hangevuka siku zile tatu, na kwamba mama alikuja kwa mapenzi yake. Huyasema yote taratibu, na mimi humsikiliza mpaka amalize. Kisha namuuliza kama mvua imenyesha Rombo.